Wiki Tatu Klabuni, Bombay

Mwanangu Seifu,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, ingawa ninapoandika haya uko chumba cha pili, unamgombeza dada yako kwa kukalia sanduku lako. Barua hii nitaitia katika koti lako jipya, mfuko wa ndani, na nakuomba usiifungue mpaka meli iwe imetoka bandarini. Lakini nakujua. Utaifungua mkiwa bado kwenye lori, hata Bunju hamjafika. Basi ifungue, ila usishuke kurudi kuja kuniuliza, maana haya kwa mdomo hayatoki. Nimejaribu miaka na miaka.

Mambo ya baridi, flana, nyama isiyochinjwa na wasichana, mama yako ameyamaliza tangu Jumatatu, na ya wasichana ameyarudia mara tatu. Mimi sina la kuongeza hapo. Langu linahusu ile barua uliyopewa na mwalimu wako mkuu, inayosema kwamba utakapofika London utakaa katika klabu yake, mgeni wake, mpaka chuo kifunguliwe. Uliponisomea juzi barazani niliinuka nikaenda kunawa mikono, na mikono yangu haikuwa na kitu. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi, Seifu, na tena nilikuonea wivu, mzee mzima mimi. Kisha nikaogopa.

Hofu yenyewe ningeimeza, kama ninavyomeza mengine, lau si jana. Jana ulikwenda Zinga kumuaga bibi yako Mwajuma, ukarudi na njaa, na katikati ya kula ukasema, "Bibi kaniambia nikifika Ulaya nimtafute baba mkubwa Kondo, nimuulize yeye alimkosea nini mpaka akamkimbia." Ulilisema hilo huku ukivuta kichwa cha samaki. Mimi nikakujibu, "Bibi yako amezeeka," tukahamia maneno mengine.

Bibi yako hakumkosea Kondo chochote. Niliyemkosea ni mimi. Yeye amekaa zaidi ya miaka ishirini akijitafutia kosa, na mimi nimekaa miaka hiyo hiyo nikimtazama anavyolitafuta. Hilo ndilo nililotaka ulijue kabla hujaenda kulala kwenye klabu ya watu.

Tangu uanze kusema umemwita Bi Mwajuma bibi, na sikumbuki ukiuliza imekuwaje mwanamke wa Kizaramo awe bibi wa nyumba ambayo wazee wake walitoka Maskati. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na siku tisa. Shamba la Bi Mwajuma lilipakana na letu pale Zinga, na yeye alikuwa na Kondo wa miezi minne. Akanichukua. Titi moja langu, moja la Kondo, na kwa dini yetu jambo likaisha hapo: yeye ni mama yangu, binti zake hawajifuniki mbele yangu, na Kondo ni ndugu yangu kama tumbo moja. Nilikaa kwake mpaka nikawa na miaka sita. Waliponirudisha Bagamoyo kwa baba nililia siku nyingi hata baba akachoka, akatuma mtu amlete Kondo naye. Tukalala kitanda kimoja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, na fimbo za mwalimu tukazigawana, ingawa zangu zilikuwa nyingi zaidi.

Na hili ulishike: baba yake Kondo alikuwa na shamba lake na minazi yake. Hakuwahi kuwa mtu wa mtu, wala wazee wake. Nimeliandika hapa kwa sababu huko mbele utalihitaji.

Baba aliponiachia duka la nguo, nililishika mimi na Kondo. Mimi nilikuwa na mdomo, yeye alikuwa na jicho. Alikuwa akisimama mbele ya robota la nguo akasema, hii itakwenda hapa hapa, hii wapelekee Tanga, na hii hata ukiwapa bure hawaitaki, na ikawa hivyo. Alikuwa na tabia moja iliyonikera sana. Kila nguo mpya alitia mate kwenye pindo lake, akaisugua juu ya mkono wa kanzu yake nyeupe, aone kama inachuja rangi. Mbele za wauzaji! Mimi nilikuwa nikitazama pembeni kama simjui.

Ndipo tukakata shauri kwenda Bombay wenyewe, tukanunue kule kule zinakotoka badala ya kungoja za kuletewa. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Tulisafiri juu ya sitaha, mkeka mmoja, na tulitapikia ndoo moja mpaka siku ya nne. Nikikumbuka safari ile sasa naona ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko yote yaliyofuata, ndoo na mambo yake yote.

Bombay tulipokewa na Hasanali, ndugu wa mwenye duka mmoja jirani yetu. Nyumba yake ilikuwa imejaa wageni wa harusi, akasema tusijali, atatuandikisha katika klabu yake. Mimi klabu nilizijua za Wazungu wa Dar es Salaam, tena kwa nje. Siku moja nilisimama kidogo mbele ya mojawapo kutazama maua, askari wa mlangoni akaniambia nipite upande wa pili wa barabara. Sasa huyu Hasanali ananiambia nikalale ndani ya kitu hicho, kwenye chumba changu, nikiitwa mgeni. Asubuhi ile nilivaa joho la marehemu babu yako na kilemba chake. Njiani mimi na Kondo tulikuwa tukipokezana kubeba kapu la vitu vyetu, hatua mia mimi, hatua mia yeye. Tulipofika getini zamu ilikuwa yake.

Nataka uelewe desturi ya pale, maana ndiyo iliyonipa mwanya. Kila mgeni alikuja na mtumishi wake. Bwana analala chumbani, mtumishi analala vyumba vya nyuma, huko jikoni, na alfajiri anakuja kukaa mlangoni kungoja aitwe. Karani akamtazama mtu mwenye joho, akamtazama mwenye kapu, akafungua kitabu kikubwa cha wageni, akaandika. Hasanali alikuwa akisoma juu ya bega lake. Akaniambia, "Ameandika jina lako, na mtumishi mmoja. Ndivyo?"

Nilisikia vizuri. Kondo alikuwa amesimama chini ya ngazi, anashangaa dari. Mbele yangu kulikuwa na ngazi za marumaru nyeupe, na zulia jekundu katikati, na harufu ya maua na nta ya mbao, na mahali fulani juu mtu alikuwa akipiga kinanda polepole. Nikafikiri, nikisema huyu ni ndugu yangu, wataanza kuulizana, na chumba ni kimoja, pengine watatutoa sote wawili. Kesho nitawaambia. Nikamjibu Hasanali, "Ndivyo."

Nilipomweleza Kondo, alicheka. "Basi bwana mkubwa, nenda kalale," akaniambia. "Mimi nitalala na wenzangu wa kapu." Akalichukua kapu akafuata mtu aliyeonyeshwa, na alipofika konani akageuka akanipigia saluti kama askari. Mimi nami nikacheka. Nikapanda ngazi.

Mwanangu, sitakudanganya kwamba sikustarehe. Nimesikia watu wakisimulia dhambi zao kana kwamba hawakuonja utamu wake, na siwaamini. Kitanda kilikuwa kipana kama chumba cha shangazi yako. Kila asubuhi sabuni mpya, hata ile ya jana ikiwa haijalowa vizuri. Gazeti lilipigwa pasi kabla ya kuletwa juu ya sinia, na mimi nililipokea, nikalifunua, nikakunja uso, na lugha yake sikuijua hata herufi. Kulikuwa na chumba cha kusomea ambamo hakuna aliyeruhusiwa kusema, wazee wamelala kwenye viti vya ngozi na miwani puani. Nilikaa humo saa nzima nzima, nikinusa ngozi ya kiti. Na watu waliinuka nilipoingia, Seifu. Kwa lile joho walinidhani ni wa ukoo wa watawala wa Arabuni au wa Unguja. Mimi, mwenye duka la milango miwili na mlango mmoja haufungi. Sikumwambia mtu kwamba mimi ni shekhe. Niliwaacha wadhani tu.

Kesho ile ya kuwaambia haikufika. Kila siku niliona siku inayofuata ndiyo itakuwa nyepesi zaidi, na kila siku ilikuwa nzito zaidi, maana nilishazoeana na watu. Kondo alikuja asubuhi mlangoni, tukatoka kwenda kutazama nguo, jioni akarudi nyuma na mimi nikapanda juu. Siku chache za mwanzo tulitaniana. Halafu akaacha kutania, nami sikuuliza kwa nini. Na wiki zote tatu sikuvuka mlango wa jiko hata mara moja kwenda kuona anapolala.

Alasiri moja, karibu siku ya kumi, nilialikwa chai bustanini na mzee mmoja mwanachama, mwenye ndevu nyeupe safi. Kumbe alikaa Unguja ujanani, na Kiswahili bado anacho. Alikisema kwa furaha kama mtu aliyeokota kitu chake cha zamani. Tulikuwa tunacheka vizuri, Kondo akaja na vipande vya nguo za mfano alivyokwenda kuchagua peke yake tangu asubuhi, jua lote lile. Akasimama kando ya kiti changu. Viti vitupu vilikuwepo viwili.

Yule mzee akamtazama, akaniuliza kwa Kiswahili, "Na huyu kijana nani?"

Kondo alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa karibu atabasamu, akingoja, maana kwa siku kumi hizo hakutokea mtu wa kuniuliza kwa lugha tunayoijua sote, na sasa ametokea. Alijua kesho imefika. Hata miguu alishaisogeza kuelekea kiti.

Nikasema, "Mtu wetu wa shamba."

"Aa," alisema mzee, akaendelea na habari zake za Unguja.

Kondo aliweka vile vipande juu ya meza, akavinyoosha kimoja kimoja, akasema, "Ndiyo, bwana," akaenda zake. Mimi sikuwa nimemwamrisha kitu.

Tangu siku ile aliniita bwana. Asubuhi nilimkuta mlangoni na viatu vyangu vimeng'arishwa. "Bwana, kumekucha." Nikamwambia, "Kondo, acha mzaha." Akasema, "Sifanyi mzaha." Tukaenda kwa wafanyabiashara, yeye nyuma yangu hatua mbili, amebeba. Namuuliza, unaonaje hii? "Anavyoona bwana." Na hii nyekundu? "Anavyoona bwana." Basi nikachagua kwa jicho langu. Ile nyekundu nilinunua marobota kwa marobota, na hakuna aliyeitia mate. Ilipofika Bagamoyo ilifuliwa mara moja tu. Wanawake walijaa dukani na viganja vyekundu, wananionyesha kanzu za waume zao, na kwa Ijumaa kadhaa nusu ya msikiti ilisali na kanzu za rangi ya waridi. Watu hucheka mpaka leo wakikumbuka, na wewe umecheka nao. Hukujua ulikuwa ukichekea nini.

Siku ya kuondoka alinibebea sanduku mpaka juu ya sitaha. Akatafuta mahali penye upepo, akatandika mkeka, akaufunga ule upande unaopeperuka. Mkeka ulikuwa wa mtu mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa, nikamshika mkono mbele za watu. Nikamwambia, nisamehe ndugu yangu, twende nyumbani. Aliniangalia kidogo. "Mama mwambie mimi mzima, Abdalla," akasema. Akashuka.

Ngazi ya meli ilikuwa bado haijatolewa. Ilikaa pale muda mrefu. Ningeweza kushuka nikamfuata mjini, nikamtafuta, hata ingechukua mwezi. Nilikaa juu ya mkeka nikajiambia kwamba mizigo imeshapakiwa, kwamba atakuja na meli inayofuata, kwamba hasira zake si za siku nyingi. Zote zilikuwa sababu, na hakuna iliyokuwa ya kweli. Niliona haya kumfuata. Basi.

Mama yake alinipokea nyumbani, akatazama nyuma yangu. Nikamwambia, "Kondo kaipenda Bombay, mama. Kapata kazi. Kakataa kurudi."

"Kakataa?"

"Kakataa."

Ndilo neno alilokaa nalo. Akaanza kutafuta. Mwaka mmoja aliniita akaniuliza, au ni kwa sababu alimchapa kwa ajili ya mbuzi, na kumbe aliyemfungulia mbuzi hakuwa Kondo. Mwaka mwingine, au ni yule msichana wa Makurunge ambaye yeye mama alimkataza Kondo kumuoa. Sababu nyingine ilikuwa ya utotoni kabisa, mimi mwenyewe sikuikumbuka. Kila mara aliniuliza, "Ndilo hilo, Abdalla? Wewe alikuwa akikwambia yote." Na mimi nilimjibu, "Sijui, mama." Kisha nikambusu mkono, nikamwachia sukari na mchele, nikarudi mjini. Watu wa Zinga wananisifu kwa jinsi ninavyomtunza.

Miaka ilipita ndipo baharia mmoja wa Unguja akapitia dukani. Akasema Kondo alifanya kazi melini, akazunguka dunia, na sasa yuko Uingereza, mji wa bandari uitwao Cardiff. Ameoa huko. Ana nyumba anayowapangisha mabaharia wa pwani yetu, na akifika mgeni, awe nahodha au mchochea makaa, hukaa naye meza moja. Nilimwandikia barua mbili. Nilimweleza habari za duka, nani kaoa, nani kafa, nikatia na mzaha wa kanzu za waridi. Lile neno lenyewe sikuliandika. Hakujibu, na sikumlaumu. Mahali anapokaa nimekuandikia nyuma ya karatasi hii.

Nimemkosa Kondo, Seifu. Nakuambia waziwazi kwa sababu hujawahi kunisikia nikisema. Likifunguliwa robota jipya hugeuza kichwa kushoto kumuuliza anaonaje, na kushoto pana ukuta. Alikuwa akipiga chafya mara tatu, siku zote tatu, na mtu akipiga chafya ya tatu msikitini sala yangu inaharibika. Nina rafiki, nina mama yako, nina ninyi, na mahali pake pako pale pale. Sasa unakwenda wewe, na kesho saa hizi nitakuwa na ukuta mwingine.

Kuhusu klabu ya mwalimu wako, kaa. Lala kwenye hicho kitanda, hata mchana. Sikukatazi starehe, na ukiona gazeti lililopigwa pasi nikumbuke. Lakini huko hutakuwa mimi wa Bombay. Pengine bawabu atakutazama adhani umekuja kubeba mizigo ya mtu. Kwao mimi na Kondo tungeonyeshwa mlango mmoja, ule wa nyuma, na nikilifikiria hilo hucheka peke yangu. Siku hiyo utakasirika, na hasira itakulinda. Mimi naiogopa siku nyingine, ile watakapokuwa wamekuzoea. Wanakuvutia kiti, wanakuita kwa jina, wanakuuliza habari za kwenu kwa upole kabisa. Patakuwa na jambo dogo ambalo ukilinyamazia mazungumzo yatakwenda vizuri zaidi. Halitafanana na uongo. Langu halikufanana. Hilo siwezi kukufundisha namna ya kulijua likija, maana mimi nililijua na bado nikafanya nilivyofanya. Nakusimulia tu.

Hapo ndipo nilipokusudia kumaliza. Nilikuwa nimeshaanza mstari wa kukutuma uende Cardiff, umpigie Kondo magoti kwa niaba yangu, na umwandikie bibi yako ukweli kutoka huko, mbali, kwa barua. Nilipousoma ule mstari nikaona aibu. Nilikuwa nakutwisha mzigo wangu ukiwa na miaka kumi na tisa, tena nikiuita wosia. Nikaufuta. Nikachukua baiskeli. Uliponiuliza nakwenda wapi nilikujibu dukani, na huo uwe uongo wangu wa mwisho kwako.

Nimerudi sasa hivi kutoka Zinga, bado sijabadili kanzu yenye vumbi, na magharibi inakaribia.

Nilimkuta amekaa uani anasuka ukili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na jua hili? Seifu keshaondoka?"

"Kesho, mama."

Akanionyesha kigoda. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, baiskeli mkononi, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzungumzia mvua. Nikamwambia kitabu cha wageni, na karani, na kwamba niliitika. Nikamwambia vyumba vya nyuma. Nikamwambia yule mzee na swali lake, na jibu langu nikalitamka kama nilivyolitamka siku ile, neno kwa neno. Vidole vyake havikuacha kusuka. Mimi nilikuwa nangoja aniondolee radhi yake. Nilikwenda nimejiandaa kwa hilo, kwa sababu ni mama na ana haki.

"Kumbe sikumkosea," akasema.

"Hukumkosea, mama."

"Wala mbuzi."

"Wala mbuzi."

Akasuka tena, akaunga majani mapya, akaendelea. Nikadhani amemaliza na mimi. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Huko nyuma ya jiko walikomweka. Alikuwa anakula nini?"

Nilifungua kinywa. Seifu, mimi chakula cha Bombay nakijua kwa majina, kila sahani, na mchuzi wake, na kikombe kilicholetwa nacho. Nimewasimulia ninyi tangu mkiwa wadogo hata mnaniigiza. Wiki tatu, ndugu yangu yuko upande wa pili wa ukuta wa jiko, na sikuwahi kumuuliza kama amekula.

"Sijui, mama," nikamwambia.

Hapo akaweka ukili chini. Uongo wangu wa miaka yote hakuulilia, na lile neno la mtu wetu wa shamba hakulililia. Alililia hilo. Sikumgusa, sikujua kama nina ruhusa. Baadaye alijifuta kwa upindo wa kanga, akaniambia niondoke kabla giza halijanikuta njiani. Hakunilaani na hakunisamehe, na mimi sikuomba.

Basi mwanangu, ukishapumzika hapo klabuni, panda treni uende Cardiff. Usiniombee msamaha. Huo ni wangu, nitamwandikia mwenyewe, na safari hii nitaliandika lile neno. Wewe mpe shikamoo baba yako mkubwa, mwambie mama yake yu hai na ameambiwa kweli. Halafu muulize alikuwa anakula nini. Akikujibu usinipe mimi jibu. Mwandikie bibi yako.

Baba yako,
Abdalla